Majibu ya Dada Kwenye Simu ya Mkwe

Nyumbani walimwita Injinia, ingawa hakuna aliyejua hasa anatengeneza nini. Shemeji yake, mume wa dada yake, alizoea kumtania mbele ya wageni: "Injinia gani huyu, redio yangu imekufa tangu mwaka juzi na anaitazama tu." Kazi yake ilikuwa kuandika programu za tovuti, na iliyompa sifa ilikuwa ya hospitali. Mtu akipima asubuhi, jioni anafungua simu, anaingia kwa namba yake ya simu, anajaza namba ya kipimo kwenye fomu, anasoma majibu akiwa amekaa kwake.

Dada yake alipima siku moja na mama mkwe wake. Walikaa benchi moja, wakatolewa damu mmoja baada ya mwenzake. Mama mkwe alikuwa anapima sukari. Dada alisema anaangalia wingi wa damu, lakini alikuwa anapima ujauzito. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na safari hii alitaka kunyamaza mpaka tumbo liseme lenyewe.

Kesho yake mawifi walianza kupiga simu kumpongeza. Mama mkwe alipoulizwa amejuaje, alicheka tu na kusema macho ya mtu mzima hayadanganyiki.

Dada alifika kwa Injinia macho yamemvimba. "Ni yule muuguzi aliyenitoa damu. Nani mwingine alijua?"

"Watu wa hospitali nao midomo yao," Injinia akasema, huku akimmiminia chai.

Dada akaenda kulalamika, na muuguzi akaambiwa akae nyumbani kwanza, uchunguzi ufanyike.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alimwita Injinia pembeni na kumpa simu. "Baba, hebu nitafutie sukari yangu. Mara ya kwanza nilikosea namba moja ya mwisho, yakaja majibu ya mkaza mwanangu. Nilifurahi mpaka nikasahau yangu. Ila usimwambie nilichungulia."

Injinia aliichukua simu. Alijaza namba ya mama, majibu yakaja. Kisha akagusa anwani ya ukurasa pale juu, ambapo namba ile ilikaa wazi baada ya alama ya kuuliza, akabadilisha tarakimu moja. Likatokea jina la mzee asiyemjua, na ugonjwa wake. Akafunga haraka kama aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu ndani.

Hakuhitaji kutafuta kosa. Programu yake ilipokea namba yoyote iliyoletwa na kutoa majibu, bila kuuliza anayeomba ni nani. Wakati anaiandika alijua kwamba palitakiwa ukaguzi hapo. Siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia, akajiambia, nani ataanza kuchezea namba? Baadaye akapongezwa, akasahau.

Alirudi nyumbani, akaongeza mistari michache ya kulinganisha namba ya kipimo na mtu aliyeingia. Akajaribu kwa namba za vipimo vya watu wengine, zote zikakataliwa. Kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha maharage. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba ilikuwa ndogo namna ile.

Hakusema kitu. Tovuti imepona, alijiambia, na muuguzi atarudishwa tu. Lakini wiki ikasogea, na kila dada alipomtaja yule muuguzi kwa hasira, Injinia alijikuta akitafuta sababu ya kutoka chumbani. Mwishowe alimfuata dada jikoni.

"Muuguzi hakusema. Ni mimi."

Dada alizima jiko. "Wewe ulimwambia mkwe?"

"Tovuti yangu ilimwambia." Akamweleza yote.

"Na ulipojua, ukaniacha niendelee kumtukana mama wa watu?"

Dada alivaa viatu, wakaenda hospitali. Mbele ya mganga mkuu Injinia alirudia maneno yale yale. Mganga mkuu aliagiza wagonjwa wote wajulishwe, na kazi ya tovuti apewe mtu mwingine. Kisha wakaenda kwa muuguzi. Aliwakaribisha sebuleni, akamsikiliza Injinia mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema. "Ila mtaani kwangu kila mtu anajua nilisimamishwa kwa umbea. Utapita nyumba kwa nyumba?"



Muuguzi alirudi kazini. Mimba ilishika, na siku za kliniki Injinia ndiye aliyempeleka dada yake. Dada alichagua foleni ya muuguzi yule. Injinia alibaki kwenye benchi la nje, na mara nyingine aliwasikia wakicheka ndani. Walipotoka, muuguzi alimwamkia kwa adabu kama anavyomwamkia mgeni yeyote, akaita anayefuata.