Jina la Mama Damasi

Jifanye uko jikoni kwangu hapa Nemba, nami namenya ndizi huku nakusimulia. Sina haraka. Nitakueleza polepole.

Kwanza ujue desturi yetu. Mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake huwekwa kando, akaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ndiyo maana jirani yangu wa enzi za kijiji cha Ujamaa nilimwita Mama Damasi, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Alikuwa mjane. Alivuka mpaka kutoka Rwanda akiwa msichana, nyumba yao ilipochomwa moto. Mimi sikuwa nimezaa bado, kwa hiyo niliitwa mke wa Petro.

Siku ninayoikumbuka ilianza kama siku nyingine. Rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya ofisi ya kijiji iligongwa, tukaenda shamba la pamoja kupalilia mahindi. Petro alikuwa ameondoka na mgambo kwenda vitani, kaskazini, upande wa Kyaka. Mimba yangu ilikuwa imetimiza miezi tisa.

"Mke wa Petro!" Mama Damasi aliniita kutoka mstari wa pili. "Unapalilia, au unalikuna shamba mgongo?"

"Tumbo linanizuia, dada."

"Tumbo halishiki jembe. Mikono ndiyo inayoshika."

Wanawake wakacheka. Kisha akaja akapalilia mstari wangu pamoja na wake.

Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia ndege.

Tulikuwa tumeagizwa kuchimba mahandaki kando ya shamba. Tukakimbilia humo.

Ndege ilipita chini sana. Majani ya mahindi yalitikisika.

Handakini uchungu ukanishika, chupa ikapasuka.

Ndege ilipotokomea, wenzetu walitoka wakakimbilia porini. Mama Damasi alibaki.

"Nenda," nilimwambia. "Una mtoto."

"Damasi yuko shuleni, ana mwalimu. Wewe una nani? Mimi nilishakimbia mara moja. Sukuma."

Ndege ikarudi. Alinifunika kwa mwili wake.

Haikudondosha kitu. Hadi leo sijui ilikuwa ya nani.

Mtoto wa kike alilia mle ndani ya udongo. Mama Damasi alichomoa nyuzi kwenye pindo la kitenge chake, akafunga kitovu, akanitoa handakini akinishika kiuno.

Jioni nilimwambia nataka mtoto achukue jina lake. Alicheka. "Jina langu ni zito kwa mtoto. Mpe la mtakatifu." Nikampa Anastazia. Sikumuuliza tena. Nilidhani muda upo.

Petro hakurudi. Jina lake kamili lilisomwa mbele ya ofisi ya kijiji, lake na la baba yake. Mama Damasi alikaa nami siku zote za matanga.

Miaka ilipita. Mama mzazi wa Mama Damasi, aliyebaki Rwanda, akaugua, naye akavuka mpaka na Damasi kwenda kumuuguza. Walikaa hukohuko. Kisha yakaja mauaji ya Rwanda. Mto Kagera ulipoanza kuleta miili hadi Rusumo, niliacha kusubiri barua.

Mwaka jana Anastazia alinipeleka Rwanda. Mama Damasi alishanitajia kilima cha kwao, na hapo pamejengwa ukumbusho. Nilidhani nitaona makaburi, kama ya kwetu. Niliona kaburi moja pana kuliko uwanja wa shule, limefunikwa saruji, kimya. Ndani ya jengo la kando, nguo zimepangwa kwenye mabenchi, tabaka juu ya tabaka: za wazee, za watoto wachanga, zote zimekuwa rangi moja ya udongo. Nilivua viatu bila kuambiwa. Niliona nakanyaga nyumba za watu.

Nje kulikuwa na ukuta wa majina. Binti anayepokea wageni alijua Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna mtu wenu hapa?"

"Yupo jirani yangu. Mama Damasi."

Akasema taratibu, "Jina lake mwenyewe, mama?"

Anastazia alinitazama. Nilimjua mwanamke yule mpaka kikohozi chake. Nilijua anapenda maharage yaliyolala. Nilijua uzito wa mwili wake juu yangu.

"Sijui," nilisema.

"Hapa akina Damasi ni wengi, mama," alijibu binti, akanishika mkono. "Majina yanaletwa na waliowajua. Ambao majina yao hayajaletwa, tumewaachia nafasi."

Akanipeleka mwisho wa ukuta. Kulikuwa na sehemu ndefu isiyo na maandishi, jiwe tupu, laini. Niliweka kiganja pale. Jua lilikuwa limelipasha, likawa na joto kama mtu. Anastazia naye akaweka chake.

Yule mama alinipa mtoto wangu. Kitu pekee alichokuwa bado anakihitaji duniani ni mtu wa kutaja jina lake, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikulaumu desturi yetu, nawe usiilaumu. Ni ya heshima. Bado mimi naitwa Mama Anastazia, na naitika kwa furaha. Lakini heshima haikunizuia kuuliza mara ya pili. Nilijizuia mwenyewe.

Basi, kesho asubuhi, kabla hujashika jembe, nenda kwa jirani yako. Muulize jina alilopewa na wazazi wake. Akicheka, muulize tena. Kisha liandike.