Boti Iliyokimbilia Burundi

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita yaya, haamini kitu mpaka akione kinafanya kazi mbele ya macho yake. Ukimuuzia tochi, iwake kwanza. Ukimuuzia redio, iimbe kwanza. Sokoni Uvira hiyo ni akili, wote tuko hivyo. Siku ile ziwani ilikuwa balaa, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Mjomba wetu wa Bujumbura alikuwa ametuletea boti ya kuchezea, ya kuongozwa kwa telekomande. Ilikuwa wakati wa vita. Wiki hii milio inashuka milimani, wiki ijayo kimya. Tunakimbia, tunarudi, tunapika. Mama alikuwa na hofu moja kubwa na sote tuliijua: kitinda mimba wetu, msichana wa miaka mitano. Risasi zikilia, mtoto yule anatoka mbio, popote, bila kuangalia nyuma. Tulipokimbilia mji wa Sange alimponyoka mama mkononi. Tukamtafuta mpaka jua likazama, tukamkuta kwa watu tusiowajua, ameketi anakula muhogo. Tangu hapo mama akawa anamfunga kwa ncha ya kitenge chake, hata akienda kuchota maji.

Sasa boti. Ikienda mbali, telekomande haiifikii tena, nayo inaendelea na safari zake. Mjomba akatueleza kwa simu: ndani kuna kisanduku kidogo kinachosikia telekomande, na kisanduku kina kitufe. Bonyeza, ushikilie mpaka taa ipepese. Dakika hiyo kinajifunza kidole chako kiko wapi kwenye kijiti cha mwendo, na siku kikikosa kukusikia kitafanya hivyo hivyo.

"Kwa hiyo toa kidole," mjomba akasema. "Moteri iwe imelala."

Imelala! Yaya atajuaje kama iko inafanya kazi, ikiwa imelala? Akabonyeza kitufe huku kidole kingine kimekaza mwendo hadi mwisho, moteri inalia vrrr. Taa ikapepesa, akatabasamu kama bwana harusi.

"Yaya, si mjomba alisema..."

"Weye unajua nini? Iko inazunguka ao haizunguki?"

Haya.

Jumapili baada ya misa tukateremka ziwani, mama naye, na kitinda mimba kwenye ncha ya kitenge. Yaya akaipeleka boti mbele kidogo, akawageukia watu. "Angalieni! Ninazima telekomande, na boti itasimama yenyewe."

Akazima. Lo! Boti ikainua pua, ikayakata maji moja kwa moja kuelekea ng'ambo. Yaya akaingia ziwani na viatu vyake vya misa. Kuwasha telekomande tena hata hakukumbuka. "Simama! Simama weye!" Boti gani inasikia Kiswahili? Mama mmoja aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, akapaza sauti, "Jamani, hata boti inakimbilia Burundi!" Mwingine akajibu, "Iacheni iende, itapewa hema kambini!" Ufuko mzima ukavunjika mbavu. Mvuvi aliyeifuata kwa mtumbwi alicheka hata kasia likamshinda. Mama pia alicheka. Miezi mingi sikuwa nimeyaona meno yake, na nilifurahi mno.

Kitinda mimba peke yake hakucheka. Boti iliporudishwa akauliza, "Kwa nini imekimbia?"

"Imekosa kunisikia," yaya akasema, maji yanamchuruzika. "Na minye ndiye niliyeifundisha kukimbia."

"Hata minye," mtoto akasema. "Nikikosa kumusikia mama, ninakimbia."

Hapo kicheko kikatukauka. Moyo uliniuma, sifichi. Yaya akachuchumaa, akawasha telekomande, akaifungua boti, akamwambia mtoto abonyeze kitufe yeye mwenyewe. Safari hii kidole cha yaya kilikuwa juu hewani, ufuko mzima unakilinda. Taa ikapepesa. Boti ikaenda, yaya akazima, moteri ikanyamaza. Ikabaki pale inayumbayumba, kisha upepo wa mchana ukaisukuma polepole mpaka miguuni petu.

Mama akafungua fundo la kitenge. "Umeona? Imesimama, imepatikana. Siku ukikosa sauti yangu, weye pia zima moteri. Minye nitakuja."

Haukupita muda mrefu risasi zikarudi. Barabara ikajaa watu, magodoro na mbuzi, na karibu na mashine ya kusaga mihogo mkono wa mtoto ukamtoka mama. Mama akamwita, lakini katika kelele zile nani angesikia? Tukageuka kurudi nyuma, tukipigana vikumbo na watu, mimi nikimtukana kila aliyenizuia njia, na mama mbele yangu akilia.

Alikuwa pale pale mbele ya mashine, katikati ya njia, mikono ameibana mbavuni, macho ameyafumba. Watu walikuwa wakimpita huku na huku wakimgombeza. Mama akapiga magoti, akamshika mabega. Mtoto hakusogea. Akafumbua jicho moja.

"Mama," akasema, "sasa washa."