Nyuma ya Beni ya Wachimba Makaa

Asubuhi ile kiwanda chetu cha vipuri vya magari kiliposimamisha kazi, nilitamani kurudi chumbani kwangu mtaa wa Stechford nijifungie. Wachimba makaa ya mawe walikuwa wamegoma kwa wiki kadhaa. Chama chetu cha wafanyakazi kiliamua kwenda kuwaunga mkono kwenye ghala moja la makaa, ambako malori yalikuwa bado yanapakia, mpaka lango lake lifungwe. Mimi nilikuwa mgeni Birmingham, Uingereza, nimetoka Mombasa juzijuzi tu.

"Tukikamatwa, mimi na wewe ndio wa kwanza kurudishwa Kenya," nilimwambia jirani yangu wa mashine, Singasinga mzaliwa wa Nakuru. Alikuwa mkubwa kwangu, nami nikimwita kaka.

"Na tukibaki ndani, kesho nani ataongea na sisi? Twende, ndugu yangu. Kaa karibu nami."

Njiani tukajikuta nyuma ya beni, bendi ya matarumbeta na ngoma, iliyotoka mji mmoja wa migodi, kaskazini ya hapo. Marehemu baba alikuwa akipiga tarumbeta kwenye harusi za mtaani kwetu, kwa hiyo miguu yangu ilifuata mdundo yenyewe. Nikamwambia mzee mmoja aliyebeba tarumbeta kwamba muziki wao unachangamsha.

"Kwetu ukisikia ngoma hii siku ya kazi, unatoka mbio kuuliza nani amefukiwa mgodini," alisema. Nyanya yake alimsimulia jinsi wachimbaji wa zamani walivyogoma, mwenye mgodi akawatoa kwenye nyumba zake. Beni ilipiga barabarani huku wanawake wakitoa vitanda nje kwenye theluji. Kisha akaongeza, "Naogopa leo kama siku niliyoshuka shimoni mara ya kwanza."

Ikiwa yeye anaogopa, mimi je?

Mbele ya lango polisi walikuwa wameshikana mikono, safu nyuma ya safu. Watu wa nyuma wakasukuma. Muziki ukakatika. Miguu yangu ikaacha kugusa chini, kifua kikabanwa, pumzi haziingii. Nikapiga ukelele, "Kaka! Nakufa!"

Alinishika kola akanivuta hadi ukutani. Kilemba kilikuwa kimemtoka, nywele zimemwagika mabegani.

Mara kelele zikapaa: lango linafungwa! Watu wakakumbatiana. Mzee wa tarumbeta akatujia, chombo chake kimebonyea, akainama kutafuta kilemba kati ya viatu. Hakikuonekana. Akavua skafu yake ya sufu akampa kaka, naye akaizungusha kichwani polepole.

Kesho yake kiwandani msimamizi alipoanza kuita majina, nilidhani ni ya wanaofukuzwa. Jina langu likaitwa kama la mtu yeyote. Hakuna aliyefukuzwa. Hata hivyo, kwa miezi mingi, kila gari la polisi lilipopunguza mwendo karibu nami, nilisimama tuli mpaka lipite.