Mstari wa Mwisho wa Pamba

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafundisha watoto kupiga chenga, huku karibu na mgodi wa Bulyanhulu ninakoishi siku hizi. Nilipanga koni za plastiki, nikawaambia wapite katikati na mpira bila kuzigusa. Kabinti kamoja kakagusa ya tatu, kisha kakanitazama kuona kama nimeona. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Tangu siku hiyo, rafiki yangu, bibi hajanitoka kichwani.

Nilikulia kwake, Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe. Pamba ikishavunwa, miti yake hubaki shambani imesimama kwa mistari, mikavu, maganda ya vitumba yakining'inia. Ukiigusa kidogo tu, inachakarika. Mwalimu wetu wa michezo, mtu mfupi mwenye tumbo ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, ndiye aliyegundua kuwa hapo pana darasa. Alimwomba bibi shamba lake, maana lilipakana na shule, na kila jioni sisi wasichana wa timu tulijipanga pale na mpira mmoja uliochubuka mpaka ukawa na rangi ya udongo.

Alitufundisha mambo machache sana. Gusa kwa ndani ya mguu, kisha kwa nje. Vuta mpira kwa unyayo. Zuga kwa bega, nenda upande wa pili. Baada ya hapo aliweka kiti chake mwanzo wa mstari, akatupa mgongo, akasikiliza.

"Mbwembwe zenu siziangalii," alikuwa akisema. "Nasikiliza miguu."

Mti ukichakarika alinyanyua kidole bila kugeuka, nawe ukarudi ulikotoka. Tukishachoka, bibi alitupa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ameichemsha na karanga, nasi tulikula vumbi likiwa bado mdomoni. Mpaka leo sijala kitu kitamu namna ile.

Shida yangu ilikuwa mguu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na akili zake, wa kushoto gogo tu. Na mwalimu alishasema kwamba atakayekwenda na timu kucheza Mhunze ni yule atakayepita mstari mzima kimyakimya, mguu wa kulia akienda, wa kushoto akirudi. Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote.

Halafu ile miti haikuwa ya kukaa. Mkulima wa pamba lazima aing'oe na kuichoma kabla ya msimu mpya, wadudu wasipate pa kujificha, na bwana shamba alikuwa ameshapita mara mbili kumkumbusha bibi. Bibi akaanza kung'oa kutoka upande wa mbali na shule. Kila siku shamba lilipungua, na kila siku nilishindwa palepale, kwenye kurudi. Wenzangu walifaulu mmoja mmoja, mpaka nikabaki peke yangu, na ukabaki mstari mmoja.

"Leo ndiyo leo, ng'wanawane," bibi aliniambia, mwanangu kwa Kisukuma chake. "Kesho asubuhi bwana shamba akute nimechoma."

Akaenda kusimama kule mwisho, ameegemea jembe. Mimi nikaanza. Kwenda nilikwenda vizuri, nikageuka mbele yake. Mguu wa kushoto ukasukuma, ukavuta, ukasukuma tena, na nilichosikia ni pumzi yangu tu. Ikabaki miti miwili. Wa kwanza ukachakarika.

Kidole cha mwalimu kikaanza kupanda.

"Ni mimi, mwalimu," bibi akaita kutoka kule mwisho. "Nimeegemea mti. Nisamehe."

Kidole kikashuka. "Hamna shida, bibi. Haya binti, malizia."

Nikamalizia. Mhunze nilikwenda, tukafungwa manne, na nikarudi na furaha nisiyoweza kuieleza. Lakini huyu ndiye bibi aliyewahi kunirudisha kwa jirani, kwa miguu na juani, nikaseme kwamba mbuzi niliyemchunga mimi alikula karanga zake, wakati hakuna mtu aliyeona. Uongo ulikuwa haukai nyumbani kwake. Ule mmoja aliusema kwa ajili yangu, na hakuutaja tena, wala mimi sikuthubutu.

Alifariki mwaka juzi. Lile shamba sasa ni fremu za maduka. Mwalimu alikuja msibani, mzee, tumbo limekwisha. Nikamwamkia, nikakaa naye kwenye mkeka, na roho ikanituma nimwambie ukweli kuhusu ule mti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi yako aliita kutoka kule mbali," akasema. "Mti ulichakarika hapa, nyuma ya kiti changu."

Nilicheka, kisha nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Miaka yote ile niliamini siri ni ya wawili, mimi na bibi. Kumbe tulikuwa watatu, na aliyeianzisha ameondoka kabla sijamwambia asante.