Kidaka cha jirani yangu

Jumanne nimekaa kwangu hapa Garsen nakunywa chai, mara patasi ikatokea ukutani! Halafu jicho la fundi. "Hujambo, mama?" Haki nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Jirani yangu, tunayegawana naye ukuta wa udongo, alikuwa ametoka kutembea Lamu. Kule akaona vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo vizuri. Na Jumamosi watu wanakuja kumposa bintiye.

"Nilimwambia unene wa ukuta wa Lamu ni mkono mzima, huu wake ni kiganja," fundi akajitetea.

"Wakwe watanicheka!" jirani akalia.

"Nyamaza, dada," nikamwambia. "Tundika kitambaa hapo tunduni, mengine niachie mimi."

Jumamosi nikakaa upande wangu na birika. Mzee wa upande wa bwana harusi akaweka kikombe kitupu kidakani, kikajaa. Akashangaa. "Hata Lamu vidaka havimimini chai!"

Nikashindwa kujizuia. Kidaka kikaangua kicheko, na wakwe wote nao.

Posa imepokewa. Wewe ukitembea ukaona kitu kizuri kwa watu, kilete nyumbani. Lakini pima ukuta kwanza, na jirani mpime pia.