Nukta Namba 41 Ilikuwa Mimi

Mutoto yangu alinipangia safari ya Bukavu nikatobolewe mufupa. Na sikuwa na ugonjwa hata moja.

Nilikuwa na uongo.

Wamama wenzangu, someni mupaka mwisho. Mimi nilisoma primere tu, mukiona kosa ya kuandika, mupite juu yake.

Binti yangu Feza iko iniversite. Mwaka jana alirudi kwetu Kasongo na sindano, vichupa na ordinatere, ile mashine ya kompyuta. Akatoa damu ya watu mia moja makumi nne. Kila mutu anataja miaka yake, Feza anaandika.

Nikasema: "Makumi tano na tano."

Baba yake, Ayoubu, akakohoa kizee: "Makumi sita na sita."

Damu ikaenda kupimwa mbali, kwa ndege. Ikarudi namba tupu.

Feza akanielezea. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa. Mutu akizeeka, selile moja, chembe ndogo ya mwili, inakosea, inazaa watoto wenye kosa ile ile. Watoto wale ni wakorofi, wanawasha mwili moto ndani kwa ndani, bila kidonda. Yeye anatafuta miaka, makosa na ule moto vinapanda pamoja namna gani.

Mu ordinatere, kila mutu alikuwa nukta. Vijana chini, wazee juu, kama watu wanapanda kilima.

Nukta mbili zilikataa kufuata wenzao.

Moja ya baba yake. "Papa, miaka 66 na damu safi kama ya kijana!"

Weee! Siku ile bwana yangu alitembeza kifua soko nzima. Muuza samaki alisikia. Imamu alisikia. Mutu wa pikipiki alisikia mara mbili.

Ya pili, namba 41, ilikaa juu peke yake. Yangu.

Feza hakucheka. "Mama, kwa miaka yako makosa ni mengi sana. Moto pia. Naogopa ni ugonjwa wa damu. Munganga wa hospitali ya Bukavu atatoboa mufupa ya kiuno, aangalie ndani."

Kiuno ikaanza kuniuma palepale.

Siku tatu sikugusa hata sombe, majani yetu ya muhogo. Nilianza kushuku ile 55 yangu ndiyo imeleta yote. Lakini kusema ya kweli ni kuvunja ndoa!

Munielewe. Ayoubu alipotoka Kabambare kuniposa, mama yake hakutaka binti aliyepita miaka makumi mbili. Nilikuwa na 27. Baba yangu akasema 19, bila kupepesa jicho. Nikafuata. Hata karte ya kura inasema hivyo. Miaka 36 ya ndoa!

Siku ya ine nikasikia Feza analia nyuma ya nyumba. Anasema ataacha masomo anitunze.

Hapo nikashindwa.

Nikamuita. Baba yake alikuwa mu kiti yake, anangoja chai.

"Feza, andika 63."

"63 ya nini, Mama?"

"Miaka yangu. Andika mbio, roho isibadilike!"

Akabonyeza. Nukta 41 ikateleza pembeni, ikaingia katikati ya wenzake, kama mutu aliyepata kiti kwenye harusi.

Feza akacheka na machozi. "Mama, uko muzima! Uko tu muzee!"

Nikafunga macho, nangoja Ayoubu anifukuze.

Akakohoa. Safari hii bila uzee.

"Feza... na ya kwangu isogeze kidogo. 58."

"Papa!"

"Babu yako alikataa kutoa binti kwa kijana wa miaka 22. Nikasema 30."

Nikahesabu na vidole. Nikarudilia. Nimemupita miaka tano!

Na mugongo je? Ile mugongo ya uzee iliyomukataza jembe miaka kumi?

"Mama Feza, tuongee polepole..."

"Mama Feza nani? Kuanzia leo niite yaya, dada mukubwa. Mimi mukubwa wako!"

Sasa Feza anazunguka tena, nyumba kwa nyumba, anauliza watu 138 miaka yao ya kweli. Mumusaidie mutoto wa watu.

Wamama, mukipenda mudanganye mashemeji. Munganga, hapana. Yeye anapima ugonjwa wako na miaka uliyomutajia. Ukitaja vibaya, anatoboa mufupa muzima, na mutoto wako analia juu ya bure.

Hii naandika nimekaa mu kiti ya Ayoubu, na chai yake mukononi.

Yeye iko shambani, analima mupunga. Mugongo haina neno.