Dawa ya Kisiki cha Mkorosho

Mdomo huu! Laiti ningeuziba asubuhi ile kule Bweni, kijijini kisiwani, nilipomkuta bibi mwenye nyumba wangu akibandua uyoga mgumu kwenye kisiki cha mkorosho ili autupe.

"Usitupe, bibi," nikamwambia. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mtu wa bara, na nikianza kueleza jambo sijui kunyamaza. Nikamweleza kwamba uyoga unaoozesha miti hugombania chakula na bakteria humo humo ndani ya gogo, kwa hiyo baadhi ya aina zake hutengeneza sumu ya kuwaua. Wataalamu wanatafuta humo dawa za vidonda. Kweli tupu. Ambalo sikusema ni kwamba wao huichuja ile sumu maabara, huipima, na mara nyingi kazi huishia huko huko. Kengele ya shule ilikuwa inalia.

Baadaye nikaenda Kilindoni kusahihisha mitihani, siku nne. Niliporudi nikapiga shikamoo ukumbini, marahaba ikatoka chumbani, nyembamba. Nikaingia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kipande cha kanga, umevimba mpaka kiwiko. Kumbe alikuwa akifua nazi, mkono ukateleza, kifuo, ule mti wenye ncha wa kufulia, kikamchoma chini ya kidole cha shahada.

"Umeweka nini, bibi?"

"Si ile dawa yako! Nimeutwanga ule uyoga, nikabandika. Unavuta, nausikia."

Nikafungua. Yesu wangu! Harufu ilinirudisha nyuma. Juu unga wa kahawia ulikuwa umegandamana kama ukoko, chini usaha, na mstari mwekundu ukipanda kuelekea kwapani. Maana ya mstari ule naijua, ugonjwa unasambaa mwilini; nimeifundisha mwenyewe darasani.

Tukapanda bodaboda kwenda hospitali ya Kilindoni, bibi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Asiyeijua barabara ya Bweni asiombe kuijua. Joto la mgongo wake lilipenya kwenye blauzi yangu. Yeye alikuwa akivuta uradi polepole. Mimi Salamu Maria zangu nilizikosea, nikaanza upya, nikazikosea tena. Kila aliponyamaza nilimtikisa.

"Bibi!"

"Nipo, mwanangu. Usinipigie kelele."

Sijawahi kuogopa vile. Na niseme ukweli, nusu ya woga ule ilikuwa ya kujiogopea mimi. Huyu akifa, watu watauliza nani alimwambia.

Daktari alipoona kidonda alipandisha hasira. "Nani kawadanganya muweke takataka hii?"

Bibi, na homa yake ile, akadakia: "Hapana mtu, baba. Ni ushamba wangu wa kizee."

Na mimi, mwalimu mzima, nikatazama sakafu.

Alipona, alhamdulillahi, kama asemavyo mwenyewe. Lakini kidole cha shahada kilikatwa, kile alichokuwa akikiinua kila akiswali.

Siku aliyorudi nyumbani nilimfuata alipoketi. Nikapiga magoti kando ya mkeka wake. "Bibi, nisamehe. Mimi ndiye niliyekwambia, na pale kwa daktari nikanyamaza."

"Kwani mimi sijui?" Akauvuta ule mkono, akaufunika na kanga. "Angenambia mtu mwingine, mwanangu, nisingemsikiliza, ningekwenda hospitali siku ile ile."